Kiti cha Mwisho Kwenda Houston

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Habari kubwa! Dove inaruka kwenda Houston tarehe kumi na nane, kwenye maonyesho ya ndege za zamani. De Havilland Dove, injini mbili, mkono wa Mwingereza, zaidi ya miaka sabini na bado inanguruma. Mzee Wendell, rubani wake na msimamizi wa kijumba chetu cha makumbusho kusini mwa Fort Worth, ametangaza leo. Viti vyote vina wenyewe isipokuwa kimoja. Hicho ni cha mmoja wetu tunaojitolea.

Nani mwingine? Mimi niliiona VC10 ya Mwingereza ikitua uwanja wa Embakasi nikiwa na miaka saba, mabegani mwa baba. Tangu hapo siwezi kutazama ndege ya Mmarekani bila kuihurumia.

Nilimweleza mke wangu. Kwamboka ni nesi, mtu asiyependa hadithi ndefu. Aliniuliza kama bawa la Lancaster yangu ya plastiki linaweza kutoka kwenye kianikio cha vyombo. Nilimjibu gundi haijakauka.

Tatizo moja tu. Fidèle naye anakitaka kiti. Ni Mkongo wa Haltom City, anafanya kazi ghalani, amejiunga nasi miezi minane iliyopita. Kazi yake ni kusugua kutu. Kusugua! Mimi nina miaka sita pale, na kila Jumamosi natoa ushauri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejua sababu yake. Dada yake, Kethia, ametoka kambi ya wakimbizi na kufikishwa Houston wiki iliyopita. Hawajaonana miaka kumi na mmoja. Mkewe Charlotte ndiye hutumia gari wikendi, kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee. Fidèle alieleza haya yote huku ameshika brashi ya kutu. Wendell alitoa leso.

Huu ni mchezo mchafu. Mabasi hayapo?

Nimependekeza jaribio la maandishi kuhusu ndege za Kiingereza, ili elimu iamue. Wendell alisema ni wazo la haki. Nilimwonea Fidèle huruma kidogo. Mtu ambaye ndege anaiita "ndeke"!

Alhamisi, 9 Oktoba

Maswali ishirini. Mimi kumi na tatu. Yeye kumi na tisa.

Jaribio lilikuwa na kasoro. Nani anayejua Dove iliruka mara ya kwanza mwezi gani? Fidèle aliandika Septemba 1945, na tarehe juu. Jina la Dove ya jeshi la anga la Uingereza niliandika Heron. Ni Devon. Heron ni ndege nyingine kabisa, ina injini nne. Nililijua hilo mara tu nilipoambiwa.

Nilimuuliza ameyatoa wapi. Alisema kuna kitabu cha mafundi kwenye rafu ya bandani, hukisoma wakati wa chakula, akiwa na kamusi. Sikujua kipo. Mtaalamu hasomi vitabu vya mafundi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata njia. Uzito! Nilimkumbusha Wendell kwamba ndege ya umri ule haichezewi, na kila abiria anapaswa kupimwa. Fidèle ana mifupa mizito, anaonekana tu. Wendell alinipongeza kwa kujali usalama, akaleta mizani.

Fidèle: kilo sitini na moja.

Mimi nilivua viatu. Kisha mkanda. Kisha saa na miwani. Kilo mia moja na nne. Wendell alikagua mizani, akajipima yeye mwenyewe, akasema iko sawa. Mtu mmoja alicheka. Namjua.

Kiti amepewa Fidèle. Mimi ni wa akiba, iwapo atakosekana. Nyumbani nilimlaumu Kwamboka kwa chapati. Alisema zile sita za Jumapili hakunishikia bunduki nizile.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua inatarajiwa kesho mchana. Wendell amesogeza safari kutoka saa tatu hadi saa moja asubuhi. Aliniomba niwajulishe wote, kwa kuwa orodha ya simu ninayo mimi.

Niliwajulisha. Mmoja mmoja, kwa adabu. Nilipofika kwenye jina la Fidèle, nilikumbuka kwamba yuko kwenye zamu hadi saa moja asubuhi, na huko ghalani simu hufungiwa kabatini. Kwa nini nimsumbue mtu kazini?

Sikudanganya. Sikusema tu. Ni vitu viwili tofauti.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa moja kamili nilikuwa bandani, nimenyoa. Fidèle hakuwepo. Wendell alimpigia mara mbili bila kupata jibu. Akaniuliza kama nilimwambia. Nilisema nimewaambia wote walionijibu. Ni kweli tupu. Alingoja robo saa, akatazama mawingu, akaninyooshea kidole: panda.

Nimeruka ndani ya Dove! Injini zinaimba, viti vinanuka ngozi na mafuta, dirisha kubwa kama la sebule. Nilifumba macho nikawa Embakasi. Karibu na Huntsville tulirushwa juu mara tatu, nikaujaza mfuko wa karatasi. Jirani yangu alinipa wake. Nikaujaza pia.

Houston. Nilishuka nikipunga mkono. Kwenye uzio alisimama mwanamke mwembamba wa kitenge cha kijani, ameshika karatasi yenye jina FIDÈLE na mfuko wenye bakuli. Alimtazama kila aliyeshuka. Nilikuwa wa mwisho. Akachungulia nyuma yangu, ndani ya mlango mtupu.

Akaniuliza: "Kaka yangu iko wapi?"

Nilimwambia amechelewa, kazi za Marekani anazijua. Alisema hazijui, ana wiki mbili tu hapa. Kisha akaniuliza kama mimi ni rafiki yake. Ningesemaje? Nikasema sana. Basi akanifungulia bakuli: sombe ya majani ya muhogo, samaki, fufu. Alisema rafiki wa kaka yake asikae na njaa. Tumbo langu lilikuwa tupu, kwa sababu zinazojulikana. Nilikula. Yeye hakula, alikuwa anaangalia barabara. Ilipofika saa sita bakuli lilikuwa limekwisha.

Saa nane mchana gari likaingia. Nililijua. Toyota yetu! Kwamboka kwenye usukani, bado kwenye nguo za kazi, na kando yake Fidèle. Kumbe alifika uwanjani saa tatu akakuta banda tupu. Simu yangu ilikuwa imezimwa, kwa usalama wa safari. Akapiga nyumbani. Kwamboka alikuwa ametoka zamu ya usiku. Hakulala. Alimfuata uwanjani, akaendesha kwa saa nne.

Kethia alikimbia hadi kiatu kimoja kikamtoka. Walishikana pale kwenye lami, kiatu hakuna aliyekiokota. Wendell akatoa leso tena. Mtu huyu ana leso ngapi?

Kisha Wendell akamuuliza Fidèle, mbele ya watu, kama alipata ujumbe wa saa moja. Nilisoma kibao cha maelezo ya ndege ya Spitfire kwa makini. Fidèle alinitazama. Akasema, kwa Kiingereza, huenda alisikia vibaya. Halafu akanigeukia, taratibu: "Kingereza yangu ingali muchache, mzee. Siyo?"

Nilikubali. Nilimshauri ajiandikishe darasa la jioni.

Kwamboka alinyoosha mkono, akatoa funguo za gari, akaziweka kwenye kiganja changu. Fidèle analala kwa dada yake hadi kesho. Basi gari nirudishe mimi, na kiti cha kurudi kikabaki wazi. Wendell alimpa Kwamboka. Kilo sitini na nne, wala hakuvua viatu!

Niko njiani kurudi, Corsicana, kwenye kituo cha mafuta. Dove imepita juu yangu hivi punde, mvua ikininyeshea.

Jumapili, 19 Oktoba

Kwamboka ameruka bila mfuko hata mmoja. Wendell alimkalisha mbele. Asubuhi ameniamuru niende Haltom City mara tu Fidèle atakaporudi, nikaombe msamaha.

Nimekwenda. Fidèle alinifungulia mlango, akanipa chai, akasema yamekwisha kabla sijafungua kinywa. Basi msamaha haukuhitajika. Nimeokoa muda.

Akaniambia kwamba mwezi wa nne Dove itakwenda Galveston, na sasa viti viwili viko wazi. Alitaka tuviombe pamoja, mimi na yeye.

Viwili! Mtu angeweza kuweka koti kwenye kile kingine. Nilimweleza kwa upole kwamba hewa ya pwani, juu kule, huharibu masikio ya watu wembamba. Ni jambo linalojulikana kitabibu. Alishtuka, akanishukuru. Alisema, ili awe na uhakika, atampigia Kwamboka amuulize, maana yeye ni nesi.

Naandika haya kwenye mataa mekundu ya barabara ya Belknap. Nimemwacha Fidèle akiosha vikombe. Nikikimbia, nafika kwa Kwamboka kabla ya simu.