Injini Yangu na Fitina za Shemeji

Jumanne, tarehe 4

Mashindano ni Jumapili. Ndege yangu ya rimoti iko tayari. Mimi niko tayari. Walimwengu ndio bado. Mara tatu zilizopita injini ilizima hewani, nikaenda kuokota ndege vichakani watu wote wakinitazama. Hayo yamepita.

Mke wangu ametoa tamko huku pini za kushonea zikiwa mdomoni. Injini ikizima tena Jumapili, ndege inahama chumba cha nyuma na cherehani yake inaingia. Nimekubali palepale. Halafu nikaenda kukiangalia chumba changu, rafu zangu, harufu yake ya petroli, na roho ikaniuma. Siwezi kuishi bila chumba kile.

Nimechukua bisibisi nikaikaza skrubu ya petroli kwenye kabureta. Kadiri injini inavyopata petroli kidogo, ndivyo inavyolia kwa ukali. Sauti tamu! Jirani ametoka kuanua nguo zake bila hata salamu. Wivu tu.

Jumatano, tarehe 5

Shemeji amepita. Kaka yake mke wangu, daktari wa meno, bingwa wa mwaka jana na juzi, na hukai naye kitako bila kukumbushwa. Ana ndege kama yangu na injini kama yangu. Bila kuombwa akaisukuma propela, injini ikawaka, akaifungulia moto wote na kuinua pua ya ndege juu. Injini ikaanza kukohoa.

"Shemeji, hii ina kiu," akasema. "Fungulia skrubu robo tu, ipate mafuta. La sivyo itakuzimia hewani."

Nimemshukuru kwa adabu zote. Tangu lini mpinzani akakupa siri ya kumshinda? Alipoondoka nimeikaza kidogo zaidi, kisha nikaweka nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu kwenye skrubu na kwenye kabureta, zitazamane. Akija kunichezea, nitajua.

Ijumaa, tarehe 7

Akili hii nitaipeleka wapi! Ndege yangu sasa ni nyekundu, nyekundu ileile ya shemeji, na mstari mweupe ubavuni kama wake. Majaji wakichanganyikiwa, alama zake nzuri zitaniangukia mimi. Mke wangu ameuliza itakuwaje nikichanganyikiwa mwenyewe. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mimi, nisiijue ndege yangu!

Zulia limepata rangi kidogo. Paka wa jirani naye ana mstari mweupe.

Jumamosi, tarehe 8

Injini imezima mara mbili uani, tena imechemka mpaka nimeungua kidole. Uchovu tu. Nimeibadilishia plagi, nimesafisha chujio la petroli, nimeipa mapumziko.

Nikiwa nimetia kidole kwenye maji baridi, nimegundua kwamba tatizo si injini yangu. Tatizo ni ya shemeji. Skrubu yake ikifunguliwa mizunguko mitatu, injini italewa petroli na kuzima, na huko vichakani ataenda yeye. Nimejisikia vibaya kidogo. Nikala, ikapita.

Jumapili, tarehe 9

USHINDI!

Niandike kwa mpangilio. Pale kiwanjani mkaguzi hutaka ndege zote zilazwe mezani matumbo juu, injini zikiwa wazi. Akishamaliza kukagua, watu wanakwenda kunywa chai nyuma ya turubai. Nikarudi nikidai nimesahau miwani. Nilikuwa nimeikariri ya shemeji: ya kushoto kati ya zile mbili nyekundu. Nikachomeka bisibisi, macho yakiwa kwenye turubai. Nimefungulia robo tu, mkaguzi akapiga chafya nyuma ya turubai. Nikatimua mbio. Robo! Robo inamfanya nini mtu? Chai ilinishinda kunywa. Nikakiona chumba changu kimejaa vitambaa.

Kisha nikarusha. Haikuzima! Ikapanda, ikageuka, ikaenda chali, ikarudi. Haikuwa ile sauti yangu tamu. Ilikuwa nene, ya mtu aliyeshiba. Lakini ilishika mpaka mwisho na kutua juu ya mstari. Shemeji naye aliruka vizuri, ila wakati wa kutua gurudumu likaingia shimoni likang'oka. Akawa wa pili, mimi wa kwanza! Machozi yalinitoka mbele za watu wala sikuyafuta.

Shemeji alikuja kunikumbatia, akawatangazia wote kwamba nimefungulia robo kama alivyonishauri. Uongo mtupu! Sijafungulia chochote. Watu wengine hawawezi kumwachia mtu sifa zake.

Jumatatu, tarehe 10

Nilikuwa naipangusa injini ya bingwa. Zile nukta za rangi ya kucha hazitazamani. Skrubu imesogea robo.

Nimekaa chini. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa nakariri nilisimama upande wa majaji, na nilipochomeka bisibisi nilikuwa upande wa turubai. Kushoto kulikuwa kulia. Ndege zote mbili nyekundu. Niliyemhujumu ni mimi.

Nimetafakari sana, na somo liko wazi kabisa: injini yangu ni kali kiasi kwamba hata ikihujumiwa inashinda. Je, isipohujumiwa? Nimeirudisha skrubu kwenye nukta yake, na kuikaza kidogo zaidi kwa usalama. Sauti tamu imerudi. Jirani ameingia ndani na kufunga madirisha.

Shemeji ameomba turudiane mwisho wa mwezi. Nimemkubalia mbele ya familia nzima, nikaweka tena dau la chumba cha nyuma, na safari hii nikaongeza na meza ya sebuleni. Mke wangu hakubisha hata kidogo. Sasa hivi yuko chumbani kwangu na futi yake ya kushonea, anapima dirisha. Nadhani ananishonea pazia la pongezi.