Ng'ombe Mwenye Nundu na Kiwele

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tangu asubuhi. Kazi hakuna. Lazarus, yule jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye mashine ya kuprinti mabango, ana foleni mpaka kibarazani kwangu. Wateja wake wanajikinga mvua kwangu wakimngoja yeye! Mmoja ameniomba kiti. Nikampa. Sijui kwa nini nimempa. Miaka yote hii naandika mabango kwa brashi na mkono wangu, leo mimi ni mahali pa kukaa.

Lakini wacha. Mwalimu Hellen, tunayeimba naye kwaya, amepiga simu. Kuna mama wa Nairobi, Cynthia, anazunguka akitafuta sanaa ya kisasa ya Afrika ya kupeleka maonyesho Berlin. Na ameuliza jina langu. Oluoch wa Eldoret! Atafika Alhamisi.

Nikamuuliza Hellen watu wa Berlin wanapenda nini. Akasema zamani wachoraji wa Ulaya waliona vinyago vya Afrika kwenye makumbusho yao, wakaanza kuchora nyuso zilizopinda, na kupinda huko kukazunguka dunia nzima. Akaendelea kueleza mengine lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nitapinda.

Jumanne, 10 Juni

Nimechora vinyago saba. Pua upande huu, macho upande ule. Mke wangu Seline akauliza ni akina nani. Nikasema ni roho za mababu. Akauliza mababu wa nani, maana kwetu ziwani hajawahi kuona mtu na kitu kama hicho. Halafu akasema mmoja anafanana na kaka yangu George akiumwa na jino. Huyu mwanamke hatanisaidia kufika Berlin.

Jioni nikakumbuka ng'ombe. 

Ng'ombe huyu yuko kwenye ukuta wa mabati wa buchari, duka la nyama la Mzee Kipngetich, kule Kiplombe. Nilimchora nikiwa nimetoka tu ziwani. Nilijua ng'ombe wa kwetu, mwenye nundu na pembe. Mzee akataka wa huku, Freshian wa maziwa asiye na nundu. Nikampa vyote. Nundu, pembe, madoa meusi na meupe, na kiwele kikubwa mpaka chini. Tena anacheka, na yuko juu ya mlango wa buchari! Watu wa huku wanajua ng'ombe kuliko wanavyojua mashemeji zao. Wamenicheka tangu siku hiyo. Hata steji ya matatu hapo ikabadilika jina. Abiria wanamwambia dereva awashushe Ng'ombe ya Oluoch.

Na Cynthia atapita hapo hapo.

Jumatano, 11 Juni

Nimemaliza mambo. Nimeenda na kopo la rangi nyeupe, nikamwambia Mzee Kipngetich namsafishia ukuta bure. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikamwambia Mzee, nina hakika.

Mama Jepkosgei anayeuza maziwa hapo akasimama na mtungi wake, akauliza ng'ombe ameenda wapi, kwa sauti ya mtu aliyefika matanga.  Lazarus naye alikuwa amekuja kununua matumbo.  Alitabasamu tu. Simpendi akitabasamu.

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Cynthia amekuja amevaa gambuti za mvua, mtu wa maana kabisa. Akaangalia vinyago vyangu kwa heshima, akasema amewahi kuona kama hivi Nairobi, Dakar, na kwenye duka la uwanja wa ndege Paris. Nikafurahi. Nikafikiri ni sifa.

Kisha akatoa simu. Picha ya ng'ombe wangu! Hellen ndiye aliyemtumia. Akasema ni kwa sababu ya huyu amesafiri kutoka Nairobi. Akasema wenye vinyago ni wengi lakini mtu aliyechora ng'ombe wa nyumbani kwao na ng'ombe wa ugenini katika mwili mmoja unaomcheka kila mtu, hajamwona popote. Anataka kung'oa hayo mabati na kuyapeleka Berlin yalivyo.

"Hebu tuende nimwone," akasema.

Tukaenda. Ukuta mweupe. Akagusa, kidole kikatoka na rangi.

"Mimi niliuliza mara mbili," Mzee Kipngetich akasema.

Cynthia akaketi kwenye benchi la wala nyama. Nilitaka kulia, na kusema kweli nililia kidogo, nyuma ya buchari.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejaribu petroli. Rangi nyeupe ikatoka vizuri sana. Ng'ombe naye akatoka nayo. Limebaki sikio moja na chuchu mbili.

Cynthia hakukasirika, jambo ambalo ni baya zaidi. Amesema nimchore upya, vile vile, na nisirekebishe kitu. Atarudi Jumatatu. Nimeokoka!

Jumapili, 15 Juni

Nisirekebishe kitu! Yaani Berlin nzima icheke nundu yangu?

Jana nilikwenda Moiben kwa Amos, mfugaji, nikatazama ng'ombe wake mchana kutwa. Akanionyesha mgongo, magoti, kwato. Leo nimechora. Freshian kamili! Mgongo umenyooka, chuchu nne zinalingana, uso umetulia. Mzee Kipngetich akaja kutazama, akasema, "Sasa hii ni ng'ombe." Hajawahi kunisifu.

Jumatatu, 16 Juni

Cynthia alitazama ukuta. Akauliza nundu iko wapi. Nikamweleza polepole, kama mwalimu, kwamba Freshian hana nundu. Akasema anajua.

Akanishika mkono, akanishukuru. Akaondoka akipitia kwenye steji, na hapo ndipo Lazarus alikuwa ametundika bango. Ng'ombe wangu! Mwenye nundu, mwenye kucheka, mkubwa kama lango! Lazarus alikuwa na picha yake kwa mashine siku zote, na tangu nimfute ng'ombe abiria walikuwa wanapotea steji. Cynthia amelichukua. Bango la Lazarus litaenda Berlin, na chini yake wataandika kwamba kazi yenyewe haipo tena.

Seline amesema pole. Akasema pia yeye alimpenda yule ng'ombe wa kwanza kabla hajanipenda mimi. Sasa ndiyo ananiambia?

Jumanne, 17 Juni

Mungu bado ananikumbuka. Hellen amepiga simu. Cynthia hajarudi Nairobi. Amesikia kuna mchoro wangu mwingine wa zamani Turbo, kwenye ukuta wa hoteli ya Benta. Ni ule wa samaki mwenye kope ndefu, aliyefunga kitambaa shingoni, anakula ugali. Ataenda kumwona kesho saa nne.

Afadhali nimeambiwa mapema. Samaki hana kope! Mimi ni mtu wa ziwani, nitaonekanaje?

Rangi nyeupe ipo, na brashi nimeshaosha. Kesho alfajiri niko Turbo kabla yake.