Mkanda Uliodanganywa na Matumbo Mawili

Harlan Tidwell hajawahi kuanguka kutoka juu ya farasi! Atakuambia mwenyewe, hata kama umemuuliza tu njia ya kwenda posta. Mimi ni jirani yake hapa Wyoming, Marekani, uzio wetu ni mmoja, na wimbo huo naujua kuliko wimbo wa taifa.

Mwaka huu akachaguliwa kubeba bendera ya taifa siku ya kufungua rodeo ya wilaya, yale mashindano ya wapanda farasi. Basi! Mtu akavimba kichwa mpaka kofia ikakataa kuingia. Lakini bendera ilikuwa kisingizio. Roho yake ilikuwa kwa Velda Crump, mjane mwenye duka la vifaa vya farasi, na Velda alishamwambia waziwazi: "Izungushe bendera uwanja mzima bila kituko, dansi ya kwanza jioni ni yako. Ukileta kituko, nacheza na Delbert."

Delbert ndiye mimi. Sikuomba, lakini pia sikukataa.

Sasa, mkanda wa tandiko, ule unaopita chini ya tumbo la farasi, ulikuwa umechakaa na kumchubua Deacon, farasi wake, nyuma ya mguu wa mbele. Tukaenda kwa Velda kutafuta mwingine.

"Nataka ulio laini kuliko yote," Harlan akanguruma. "Farasi wangu astarehe!"

Velda akatandaza mikanda kaunta: wa mpira, wa sufu, na wa nyuzi za manyoya ya mbuzi. "Huu wa mbuzi unapitisha hewa, farasi hatoki vidonda. Ila urefu ndio mambo yote. Umempima?"

"Unaniuliza mimi? Nimempima kwa kamba!"

Kweli alimpima, nilikuwepo. Tatizo ni kwamba Deacon ni tapeli. Akihisi kamba tumboni, anavuta pumzi na kujijaza upepo kama mpuliza tarumbeta. Farasi wa aina hiyo hapa kwetu wanajulikana: unakaza mkanda, unamtembeza kidogo mpaka achoke kujishikilia, halafu unakaza tena. Harlan alipima pipa la upepo, akaridhika, na sasa dukani akachagua mkanda wa mbuzi kwa kipimo hicho.

"Mbona huo mrefu?" Velda akashangaa.

"Deacon ni farasi, mama, si mbuzi! Halafu mkanda hauchaguliwi kwa macho. Unachaguliwa kwa tumbo! Delbert, vuta huko nyuma!"

Akajiwekea mkanda tumboni palepale dukani, mimi nikavuta ncha mgongoni. Kwa kuwa Velda anamtazama, akavuta tumbo lote ndani. Tumbo lile, ambalo halijawahi kwenda popote ila mbele! Uso ukawa mwekundu kama nyanya.

"Raha tupu," akasema kwa sauti ya kifaranga. "Hata... hausikiki."

Akanunua.

Siku ikafika. Harlan akamfunga Deacon mara moja tu, kisha akapanda kwa kutumia marobota ya nyasi, bega langu na maombi. Velda alikuwa ameketi safu ya mbele, amevaa skafu mpya.

"Mtembeze, ukaze tena," nikamnong'oneza.

"Nishuke? Umeona nilivyopanda?"

"Harlan, jamaa yangu, huyo farasi amejaa upepo!"

"Wivu huo! Unaitaka dansi yangu!"

Hapo alinigusa, maana kweli niliitaka. Nikasogea pembeni.

Bendi ikaanza. Watu wakasimama, wakavua kofia na kuziweka kifuani, maana bendera inapita. Harlan akapita mbele ya Velda, kidevu juu, akamkonyeza. Na palepale Deacon akaona yametosha.

Phuuuu!

Uwanja mzima ulisikia. Tumbo likanywea, mkanda ukalegea, tandiko likaanza kuteremka ubavuni polepole, na Harlan akiwa juu yake. Akaegemea kulia. Tandiko likaenda kushoto. Bendera ikalala kama bomba la maji. Hatimaye Harlan akawa chini ya tumbo la farasi, miguu bado imo kwenye vikuku vya tandiko, kamkumbatia Deacon kama mtoto wa tumbili, mkono mmoja umeinua bendera isiguse vumbi!

Deacon akasimama tuli, akainamisha shingo kumwangalia.

Hakuna aliyecheka. Nani acheke mbele ya bendera? Watu wazima walikuwa wanatafuna kofia zao, machozi yanawatoka. Kisha mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi, akashindwa kujizuia. Tuba ikatoa mlio ambao siwezi kuuandika, na uwanja ukaangua vicheko.

Velda akaja, akaipokea bendera, akachuchumaa.

"Sikuanguka!" Harlan akapiga kelele toka huko chini. "Shahidi ni wewe! Bado niko juu ya tandiko!"

"Kweli uko juu ya tandiko," Velda akamjibu. "Tandiko ndilo liko chini. Farasi kalitoa tumbo nje, wewe ukalivuta ndani. Mkanda mmoja, waongo wawili!"

Kusema kweli nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka jioni, muziki ulipoanza na Velda akaninyooshea mkono. Nikanyooka, nikavuta pumzi, nikamshika kiuno, tukazunguka ukumbi, na Harlan akatutazama toka pembeni akila mkate wa mahindi. Nilijiona bwana harusi!

Tulipofika katikati ya ukumbi Velda akanisogelea sikioni. Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Delbert," akaninong'oneza, "pumua. Kabla suruali haijateremka kama lile tandiko."