Pikapu Nyekundu Niliyoichagua Mwenyewe

Jumatatu, 7 Septemba

Nimeamua. Tunanunua pikapu! Imekwisha kukaa juu ya kabichi katika lori ya wengine. Itakuwa gari iliyokwisha kutumika, ndiyo, lakini muntu mwenye macho anaweza kupata nzee inayoshinda mupya. Macho ninayo.

Sababu iko. Koperative ya fromaji, chama cha wafanya jibini hapa Mushaki, inatafuta muntu wa kuteremusha fromaji mpaka Goma kila juma. Mama Mukashema, prezida wao, alitangaza jana nje ya kanisa: Jumamosi wataangalia magari na kuchagua. Jirani yangu Nzabandora alikuwa pale. Niliona alivyotikisa kichwa polepole. Yeye pia anatafuta pikapu! Nzabandora anayeimba besi katika kwaya, na kudhani Mungu anamusikia yeye wa kwanza.

Claudette, muke wangu, anakaribia kujifungua. Anasema hafikirii fromaji hata kidogo. Anafikiri njia ya kituo cha afya. Mara ya mwisho wanaume wanne walimubeba kwa tipoyi, machela ya miti, na mvua ikamupiga mulima muzima. Safari hii anataka gari yenye viti vya nyuma. Tena mama yake, Mama Umurerwa, atakuja kutoka Burungu kumusaidia na mutoto, na mama huyo hapandi nyuma ya gari kama gunia. Nimemwambia Claudette atulie. Mwenye kuchagua gari ni mimi.

Ng'ombe wetu wawili wameuzwa asubuhi, tumebaki na mumoja. Claudette alimushika shingo yule wa mabaka. Hata mimi nilisikia uchungu. Kisha nikaanza kufikiri rangi ya gari.

Jumanne, 8 Septemba

Sake, kwenye uwanja wa Papa Cyusa, muuzaji wa magari. Pikapu zilikuwa mbili tu.

Ya kwanza nyeupe, milango mine, imebonyea ubavuni kama sufuria ya harusi. Claudette akaanza kunitia haya mbele ya watu. Aliweka mukono juu ya kapo, kifuniko cha moteri, ajue kama moteri iliwashwa kabla hatujafika. Akainama na tumbo lake lote kuangalia chini. Akaita vijana wawili waruke-ruke nyuma. Akakaa kiti cha ndani, akanyoosha miguu, akafunga macho kama muntu aliye kwake. Mwisho akamuomba Papa Cyusa aipitishe gari katika matope nyuma ya uwanja, ili aone kama magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Yalivuta. Claudette amepanda malori miaka mingi na maharagi yake ya kuuza. Anadhani hiyo ni shule.

Ya pili... ah! Nyekundu. Milango miwili, imeinuka juu, mataa mane kwenye paa, chuma mbele kama pembe za ng'ombe dume. Rangi inang'aa mpaka nilijiona katika mulango, na nilikuwa muzuri. Ndani kuna kiwiko cha katre-katre, kile cha kuamuru magurudumu yote mane yavute, chenye kichwa cheusi. Nikakivuta: klak! Sauti ya gari inayojua kazi yake.

Claudette akaomba ipitishwe nayo katika matope. Papa Cyusa akasema gari safi namna hii, tuichafue ya nini? Nilimupa haki.

Njiani Claudette akaniambia, akiniita kwa jina la mutoto wetu wa kwanza: "Papa Shekinah, rangi haivutake gari mu matope. Tubebe ile nyeupe."

Nilimujibu nitafikiri. Nimeshafikiri.

Jumatano, 9 Septemba

Hatari! Nzabandora amesikia habari ya pikapu nyekundu. Kesho anashuka Sake kuiona.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikatumia mayele, yaani ujanja. Nilikwenda kwake, nikakaa, nikakunja uso kama muntu anayebeba siri ya kusaidia. Nikamwambia kwamba sisi ni majirani, ni wakristo, na siwezi kumuacha apotee. Aiache nyekundu. Achukue nyeupe.

Akauliza kwa nini. Hapo nilikuwa sijajitayarisha, basi nikamupa maneno yote ya Claudette: kapo baridi, vijana wanaoruka, magurudumu ya mbele, kiti cha kunyoosha miguu. Nilisema kwa ufundi hata mimi nilikaribia kuamini.

Nzabandora alinishika mikono yote miwili. Machozi yalimulenga. Akaniombea sala, ndefu sana, akitaja watoto wangu kwa majina. Kisha muke wake akaleta viazi na maziwa. Nilikula kwa adui yangu na nikashiba. Hayo njo mayele!

Alhamisi, 10 Septemba

Imetendeka. Nzabandora ameondoka na nyeupe asubuhi na mapema. Mimi nikafika baadaye, nikachukua nyekundu yangu bila kukimbizana na muntu. Mushaki nzima ilitoka kuona. Watoto walikimbia nyuma yangu mpaka nyumbani.

Claudette alisimama mulangoni, mukono kwenye kiuno. Akatazama nyekundu. Akatazama ng'ambo, nyeupe ikiwa imesimama kwa Nzabandora. Nikavaa uso wa matanga. Nikamwambia nilikimbia Sake kwa ajili ya nyeupe, nyeupe kabisa, lakini jirani yetu alikuwa ametutangulia. Muntu wa tamaa!

Claudette amekasirika. Si mimi aliyenikasirikia! Amekataa kumusalimia muke wa Nzabandora kisimani. Nilimwambia tusamehe, kwa sababu sisi si watu wa kisasi.

Jumamosi, 12 Septemba

Siku ndefu. Nitaandika ukweli, sababu hakuna mwingine atakayesoma.

Nilikwenda Burungu kumuleta Mama Umurerwa. Nilipanga turudi saa ileile koperative inakutana, wanione nikipanda na mama mukwe wangu pembeni: baba wa familia, mwenye gari, mwenye heshima. Nyuma tuliweka kitanda chake, vyungu vyake na mbuzi.

Mvua ikatukuta. Kwenye mulima wa mwisho kabla ya Mushaki, watu wa koperative walikuwa wamejikinga chini ya mabati juu kabisa, wakitutazama. Vizuri! Nikawasha mataa yote mane. Nikavuta kiwiko: klak! Gari ikarudi nyuma. Klak! Ikarudi zaidi. Mama mukwe akauliza kama Burungu tumesahau kitu. Nikamwambia gari inatafuta nguvu. Klak! Tukaingia mufereji kwa ubavu, mbuzi akilia kuliko sisi wote.

Nani akashuka na kamba? Nzabandora, katika nyeupe. Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke. Akafunga kamba, akatuvuta polepole mpaka juu, mbele ya mabati, mbele ya wote. Mama Umurerwa alikuwa amehamia katika nyeupe. Alikwenda mbele yangu akiwa kiti cha nyuma, miguu imenyooka, akinipungia mukono kama anakwenda Ulaya. Mbuzi njo alibaki na mimi.

Juu, fundi mumoja alilala chini ya gari yangu, akatoka akipaza sauti: "Hiki kiwiko hakifungwe na kitu! Kinapiga ku chuma tu!"

Mama Mukashema aliuliza swali moja. Gari gani imevuta ingine? Mukutano ukaisha.

Sawa. Lakini mataa yangu yaliwaka mane yote, ndani ya mvua. Hilo hakuna aliyelitaja.

Jumapili, 13 Septemba

Kanisani. Wakati wa ushuhuda Nzabandora akasimama. Nilidhani atajisifu, nikajitayarisha kuangalia dari.

Akasema: "Bandugu, hii gari Mungu alinipa kwa kinywa ya Papa Straton."

Straton ni mimi!

Akaeleza yote. Namna nilivyokuja kwake bila kuitwa. Namna nilivyomufundisha kuweka mukono juu ya kapo, kurusha vijana nyuma, kupitisha gari katika matope, kukaa kiti cha ndani na kunyoosha miguu. Akasema ningeweza kujichukulia nyeupe mwenyewe, lakini nilimuachia jirani, nikabaki na ile mbaya. Ndugu yangu, alisema, na sauti ya besi ikamukatika. Wamama wakapiga kigelegele. Pasta akasema hayo njo mahubiri ya leo, yeye hana la kuongeza.

Claudette alikuwa pembeni yangu. Alisikia maneno yake yakipita moja-moja kama ng'ombe wake wanaorudi nyumbani na mwenyewe mwingine. Kwa kila neno alinigeukia kidogo. Mwisho alikuwa amenigeukia kabisa. Mimi nilikuwa nikiwapungia watu mukono.

Nyumbani alipika maharagi mpaka yakaiva. Kisha: "Papa Shekinah, ulimupa gari yangu. Na maneno yangu pia ulimupa."

Nilimujibu kwamba kutoa ni baraka. Alichukua fromaji nzima, akaenda kwa muke wa Nzabandora kuomba radhi kwa yale ya kisimani. Mama Umurerwa alinipakulia maharagi kidogo sana, juu ya sahani kubwa.

Jumanne, 15 Septemba

Uchungu ulimushika Claudette asubuhi, wakati wa kukamua. Nilikimbia kwenye nyekundu. Nafasi yangu ya kusafisha jina! Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Ikakohoa kama muzee wa kifua, ikanyamaza. Nikaisukuma mwenyewe, nikaruka ndani. Ikashuka bila moteri, upande usio wa kituo cha afya, ikaingia shamba la maharagi la Nzabandora na kulala pale.

Nzabandora alikuwa tayari anatoka na ufunguo mukononi. Hakutazama maharagi yake.

Claudette alilala kwenye kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya mama yake, miguu imenyooka kama alivyoipima Sake. Mimi nilipanda nyuma, katikati ya fromaji za koperative. Kwenye mulima ule tipoyi ilipotelezea mara ya mwisho, nilisikia sauti yake ndani, nikashika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Niliomba. Sikuomba kwa ajili ya pikapu. Magurudumu ya mbele yakavuta, ya nyuma yakasukuma, tukapita.

Mutoto mwanaume. Amelia kwa nguvu. Claudette alinitazama muda mrefu, nikadhani sasa yatakuja yote. Akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akamuambia atulie, asijiumize. Akasema mutoto ataitwa Gisubizo, sababu yeye ni jibu, na baba yake amekuwa swali tangu harusi.

Nzabandora akamuimbia besi katika ua. Mutoto akalala palepale. Na mimi nilikuwa nimemuimbia kabla yake, akalia.

Ijumaa, 18 Septemba

Mambo yamegeuka. Nilijua!

Asubuhi wanaume wawili wamekuja kutoka Muheto. Wamesikia ule ushuhuda. Wanatafuta gari, na watu wamewaambia: muone Papa Straton wa Mushaki, muntu wa kushauri bila wivu. Waliniletea kuku! Niliwakalisha, nikawaeleza kazi. Kwanza, rangi: muntu lazima ajione ndani yake. Pili, kiwiko lazima kiseme klak. Walishukuru sana. Claudette alikuwa ndani akinyonyesha, nikamusikia akikohoa, lakini mimi sipotezi wateja kwa kikohozi.

Wakati wa kuagana wakanitajia lori moja kwao, inauzwa. Lori! Koperative ikiona lori, pikapu ni nini tena? Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Muheto nikaione. Ni ya bluu. Imechorwa tai mbele, mabawa yanafika mpaka milangoni. Mwenyewe alikubali tubadilishane na nyekundu palepale, hata hakuomba kuiona. Watu wakarimu wangali wako.

Tumepeana mikono. Niliporudi Claudette na Gisubizo walikuwa wamelala, sikutaka kuwaamsha kwa habari kubwa hivi. Nitamwambia kesho ao kesho kutwa.

Moteri haimo ndani kwa sasa. Iko Walikale, mwenyewe anasema, inatengenezwa, itakuja. Mimi si mutoto, siwezi kununua gari kwa maneno ya muntu. Niliomba kujaribu honi.

Ina sauti tatu!