Nilienda Kumtafutia Kim Kikundi, Nikapewa Mursik

Hapana Shiko, usiniambie ati "si ungeuliza kwanza." Niliuliza! Niliuliza soja wa gate na bado nimechomeka mbele ya watu. Wacha niwaambie nyote hapa mara moja, ndio msiskie kwa majirani.

Mnajua ndugu yangu Kim na pombe. (Mtaa yote ya Bondeni inajua.) Wiki hii, bila kupigiwa kelele na mtu, akaniambia amechoka, anataka kuacha. Nikamwambia kuna kikundi ya watu wanasaidiana kuacha, wanakutana social hall wikendi. Akaniangalia. "Njeri, enda wewe kwanza uone. Kama ni watu wa kucheka watu, usinitajie tena hiyo maneno."

Sawa. Nikaenda. Ilibidi, juu Kim hasemangi kitu mara mbili.

Kwa gate nikauliza soja, "Boss, mkutano ni hapo ndani?"

"Eeh, uko, lakini madam, hawa wa leo..."

Mimi huyo, nishaingia. (Mnanijua. Hata uji mimi hukunywa ikichemka.)

Ndani viti zimepangwa duara. Watu kama ishirini, wamevaa poa sana. Nikashangaa. Mimi nilidhani nitapata watu wamejikunja kwa kona. Auntie mmoja wa kilemba ya kijani akaruka kutoka kwa kiti. "Wameanza kufika! Karibu mama, karibu!" Nikakumbatiwa na watu hata siwajui. Nikakalishwa mbele. Nikaletewa mursik, ile maziwa chachu, kwa kikombe, imetoka tu kwa kibuyu. Nikajiambia, wah, hawa watu wamefikiria. Umeacha pombe, unapewa maziwa. Imeingiana kabisa!

"Sisi tumetoka Olenguruone mapema na hiyo mvua yote," auntie akasema.

Nikaguswa. Watu wanatoka Olenguruone huko mbali juu ya kuacha pombe! Na Kim anatoka hapo nyuma ya soko.

Mzee mmoja wa kofia akasema polepole, "Kabla wengine wafike, tuambie kidogo juu ya kijana."

Nikashangaa amejuaje ni kijana. Lakini nikasimama. "Naitwa Njeri. Nimekuja kwa sababu ya ndugu yangu. Anakunywa."

Auntie akaangalia mzee wa kofia.

"Anakunywa... kidogo?" auntie akauliza.

"Hapana, auntie. Mpaka akafutwa kazi ya gereji."

"Mungu wangu! Sasa anaishi wapi?"

"Kwa mathe, amerudi kwa mama."

(Nikaona hii kikundi haichezi. Wanataka kujua kila kitu!)

"Na watoto ako nao?"

"Mmoja tu. Ako Naivasha na mamake."

"MTOTO?"

Hiyo ilitoka kwa kona. Dem mrembo, nywele imetengenezwa, akaanza kulia mpaka wanja ikateremka mashavuni. Nikamwonea huruma. Nikaenda nikamshika mkono. "Usilie, dada. Hata wewe utaacha tu."

"Nitamwacha leo leo!"

Hapo ndio nikajiuliza, amwache nani?

Saa hiyo huko nje wamama wakaanza kuimba kwa gate. Kikuyu. Zile nyimbo za kuomba mlango wakikuja kuona msichana wa watu. Nikageuka polepole. Kumbe kulikuwa na maua kwa meza. Kumbe kila mtu alikuwa amevaa hivyo kungojea watu wa bwana harusi, na mimi walidhani ni wa kwanza wao! Mlango ukafunguka, akaingia kijana wa suti ya bluu, meno yote nje, nyuma yake wazee wamebeba kreti za soda.

Yule dem akamrukia. "Mtoto wako anaitwa nani?"

"Mtoto gani?"

"Muulize dada yako!"

Kijana akaniangalia. Nikamwangalia. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Na wewe ni nani?" nikamuuliza. (Ati mimi ndio nauliza!)

Nikaeleza kila kitu nikiwa nimeshika mlango, tayari kwa mbio. Kim. Kikundi. Soja. Mzee wa kofia alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongo. Dem akacheka na machozi zingine bado zinatoka. Wamama wa nyimbo hawakuwa wameskia vizuri, kwa hivyo nikaambiwa nirudie kutoka mwanzo. Nikarudia!

Nikitoka, auntie wa kilemba akanifuata. Nikajua sasa ni matusi. Kumbe ananijazia mursik kwa chupa ya soda. "Pelekea huyo Kim. Mwambie tumeuliza yake yote, na hakuna mtu alimcheka. Ni wewe tumecheka."

Kwa gate, soja amejishika mbavu. "Madam, si nilikuwa nakuambia! Hawa wa leo ni wa ndoa. Hao wako ni kesho asubuhi, chumba cha nyuma."

Nilipata Kim amekaa mlangoni, ananingoja. Hata hakunisalimia. "Walicheka?"

Nikampea chupa na nikamwambia yote, mpaka pale kwa "na wewe ni nani." Alicheka akakosa pumzi. Nilikuwa nimesahau vile Kim hucheka akiwa hajalewa. Akakunywa ile mursik, akafuta mdomo, akaangalia chini kidogo.

"Hiyo ya kesho ni saa ngapi?"

Kwa hivyo chekeni, sijali. Kesho asubuhi namwamsha, tunaenda na yeye. Na pale kwa gate nitasimama wima nimngoje soja amalize maneno yake yote, hata kama ataanza na bei ya unga.