Redio Nne na Wajina Wangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mama Ndinda anafagia akiimba. Anaimba! Kuna kitu. Chai ikaja na mayai mawili, hapo nikajua nimekwisha. Ati binti yetu Ndinda analeta mtoto Jumamosi, wakae miezi miwili, na chumba chake kitolewe takataka. Takataka gani? Redio nne zinazohitaji kurekebishwa kidogo tu. Mitungi kumi na minne. Baiskeli haina magurudumu, lakini kengele inalia!
Mtoto mwenyewe anaitwa Kiema, jina langu. Mvulana wa pili, zamu ya babu wa upande wa mama. Sijawahi kumshika, na inaniuma. Lakini redio sitoi.

Jumanne, 5 Agosti
Kumbe kesho mwethya wanakuja, akina mama wa kusaidiana kazi. Wana mchezo: unainua kitu, unataja siku uliyokitumia mara ya mwisho. Ukikwama, wanapiga vigelegele na kitu kinatolewa nje kwa densi. Ati ni raha. Raha ya nani? Kiongozi ni Kasyoka, mke wa jirani Mbithi. Ameisifu taa yangu ya karabai mara mbili. Mara mbili! Naye Mbithi amenichungulia tangu asubuhi. Njama hiyo.
Nikamwendea Mbithi mwenyewe, nikamwomba anifichie vitu ghalani kwake; nani atatafuta kwa kiongozi? Akakubali upesi mno. Safari kumi na moja za wilbaro. Mgongo wangu!

Jumatano, 6 Agosti
Mwethya wamekuta chumba kitupu. Kasyoka akanisifu mbele ya watu wote. Chapati zikaliwa zikaisha. Mama Ndinda alinitazama tu, kama mtu anayekagua maziwa ya jana.

Jumamosi, 9 Agosti
Kiema mdogo amefika! Ana masikio yangu. Alinishika kidole akakataa kuachia. Hata yeye hatupi kitu ovyo. Nimelia waziwazi, sijali.

Jumanne, 12 Agosti
Mbithi amekuja na wilbaro. Kesho mwethya wako kwake! Amerudisha vyangu, na juu yake vyake: matairi, mapipa, cherehani isiyo na kichwa. Ati mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana alikubali haraka, mjanja yule! Nimevipanga vyote chumbani Ndinda akiwa kliniki. Mtoto ni mdogo, anahitaji nafasi gani?

Jumatano, 13 Agosti
Tairi limeanguka ndani ya beseni la kumwogeshea mtoto. Hakuwamo, Mungu ni mkubwa. Ndinda hakupiga kelele, heri angepiga. Alikunja nepi moja moja, akasema alidhani baba yake amempisha mtoto kwa moyo. Akaita boda boda, wakaenda Mbooni kwa wakwe zake. Kule hakuna redio hata moja, ati.
Mama Ndinda anafagia. Haimbi.

Alhamisi, 14 Agosti
Natamani ile mikono midogo. Basi nimeamua: nabadilika kabisa! Nikamwamuru Mbithi aondoe vitu vyake leo leo. Akasema sawa, ila kwake kuna kitanda cha mtoto, kimevunjika miguu miwili tu, na Kasyoka anataka kukifanya kuni.
Kuni! Wajina wangu akirudi, atalala wapi?
Nimekibeba mwenyewe. Chumbani hakikuenea, kwa hivyo nimekisimamisha mlangoni.