Kitabu cha Nne Hakikufika Kisumu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimekasirika. Nimekasirika tangu asubuhi, na chai imepoa. Griffins, huyo muuza kava za simu aliye jirani yangu hapa sokoni Kibuye, amekuja kunitangazia kwamba filamu ya kitabu cha nne cha Walinzi wa Kisima inaanza kuonyeshwa mjini Ijumaa. Akaongeza kwamba vitabu ni vya watu wasio na stima. Mbele ya wateja wangu! Nimeuza vitabu vya mitumba miaka kumi na miwili. Chama cha wasomaji hukutana kwangu kila Jumamosi. Wao huniita Mwalimu Bakari. Griffins huniita "wewe wa makaratasi".

Sasa niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Kitabu cha nne sijakisoma. Hakuna aliyekisoma hapa. Vitabu vya mitumba huja kwa marobota. Unafungua, unachukua ulichopewa. Nilipata cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha tano na cha sita. Cha nne, wapi! Miaka mitatu iliyopita wanachama walinizunguka wakitaka kujua kilichotokea. Ningefanyaje? Nikasema nimekisoma Nairobi, nyumbani kwa mtu. Nikakisimulia Jumamosi tano mfululizo. Nikamweka msichana anayebeba maji ya kisima mdomoni siku saba za ukame bila kumeza, hata anaposingiziwa wizi hawezi kujitetea. Nikamwita Sirelia. Jina nililisoma kwenye mkebe wa mafuta ya kujipaka uliokuwa mezani. Na kwa kuwa kitabu cha tano hakimtaji, ilinibidi nimuue.

Watu wazima walilia. Dorca, muuza samaki wa omena, alilia kuwashinda wote. Mwezi uliofuata akajifungua, akamwita bintiye Sirelia Akinyi.

Ijumaa watamtafuta Sirelia kwenye filamu. Wakimkosa, jina la Mwalimu limekwisha. Na mtoto wa watu nimemtwika jina la mafuta.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango: wasiende! Nilimwambia Huzaifa, fundi cherehani, kwamba viti vya ukumbini vina kunguni. Akasema hata kwake wapo. Nilimwambia Dorca kelele zitamharibu mtoto masikio. Akasema huyu kazaliwa sokoni. Nikamwendea Nicodemus, mwalimu wa kwaya, nikamnong'oneza kwamba filamu imejaa mashetani. Huyo alishtuka. Nikarudi kibandani nikipiga mluzi.

Saa kumi akaja kunishukuru. Ameomba, na ameonyeshwa kwamba ni lazima aende akayakemee. Kwaya nzima inaandamana naye. Watu kumi na wanne! Watu ambao hawakuwa na habari na filamu yoyote! Griffins alicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wenyewe ni wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilitoka msikitini moja kwa moja hadi ukumbini. Nikakaa nyuma, karibu na mlango, tayari kutoroka.

Upuuzi mtupu! Saa mbili na nusu za upuuzi! Joka limefanywa dogo kama mbuzi. Mfalme, ambaye kwenye kitabu cha tatu ana jicho moja, amerudishiwa la pili bila maelezo. Na Sirelia? Hayupo! Nilingoja wakati wa ukame. Hayupo. Nilingoja mashtaka. Hakuna mashtaka! Damu ikanichemka. Nikajikuta nimesimama napiga kelele kwamba wamemwacha, wezi hawa, wamemwacha! Kwaya ikadhani nimeanza kukemea, ikaitikia.

Hasira yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa. Nilisahau ni mimi niliyemtunga.

Dorca alikuwa safu ya tatu, mtoto mapajani. Kila msichana alipotokea kwenye skrini, alimwinua Akinyi aone vizuri. Kila mara akamshusha. Filamu ilipokwisha hakuondoka. Alisoma majina yote yanayopanda, hata ya madereva na wapishi. Nilipita kando yake haraka haraka nikitazama viatu vyangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjadala wa chama: kitabu ama filamu? Mimi upande wa kitabu, Griffins upande wa filamu. Wueh! Sijawahi kusema vile. Nilisema filamu ni kuku aliyenyonyolewa. Nilisema walichomfanyia Sirelia ni kile kile alichofanyiwa kitabuni, kunyamazishwa. Huzaifa alijipangusa macho kwa kitambaa cha mteja. Hapo hapo ikaandikwa barua kali ya kuwashtaki wenye filamu. Watu ishirini na sita wakatia sahihi na nambari za kitambulisho. Dorca alitia yake, kisha akamshika Akinyi kidole akakichovya wino.

Kisha Griffins akauliza swali moja tu, kwa upole, shetani huyu. Aliuliza kitabu chenyewe kiko wapi.

Nikasema kipo. Akasema hapana haja ya kunisumbua, binamuye Winny yuko Nairobi na Alhamisi atakituma kwa basi. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Ningefanya nini?

Alhamisi, 14 Agosti

Nilifunga kibanda alfajiri nikaenda Awasi, maana mabasi ya Nairobi husimama pale watu wakinunua miwa. Mpango mzuri kabisa. Basi la tatu likasimama. Nikamwambia kondakta kwamba mimi ndiye Griffins wa Kibuye na nimeifuata parseli yangu. Akanipa bila hata kunitazama! Nikaenda nyuma ya duka, nikaichana kwa meno.

Kava za simu. Arobaini. Za rangi ya waridi.

Ningezitupa, lakini mimi si mwizi. Nilizibeba mpaka Kibuye nikamkabidhi, nikasema nimezikuta njiani. Akashukuru kweli kweli. Kisha akaniambia kitabu kilifika jana, Winny alikuja nacho mwenyewe kwa mazishi. Tayari amempa Dorca akisome, kwa sababu Dorca ndiye anayeaminiwa na kila mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na Griffins afuate.

Jumamosi, 16 Agosti

Walikuja wote. Hata Griffins alileta kiti chake. Dorca aliweka kitabu cha nne mezani. Kinene. Kizuri. Nilitaka kukinusa.

Akasema amesoma kurasa zote mia nne na sitini. Sirelia hayumo.  Nikatazama mlango, lakini Nicodemus ameujaza.

Halafu mwanamke huyu akaendelea! Akasema kitabu chenyewe kinachosha, watu wanatembea tu msituni wakila mkate. Akasema cha Mwalimu ni kizuri zaidi. Akasema hajutii jina la bintiye hata kidogo, ila anataka kumjibu siku akiuliza limetoka wapi. Kwa hiyo Mwalimu aseme tu kwamba alitunga mwenyewe. Chama kitamnunulia daftari kubwa, akiandike, mtoto akisome akikua. Hata Griffins, Griffins! akasema angependa kujua Sirelia alilalaje na maji mdomoni.

Akinyi alikuwa amesimama mbele yangu, mashavu yamefura. Alikuwa amebeba maji mdomoni. Dorca akasema hucheza hivyo kila siku, na huwa hamezi. Wote wakanitazama. Hata mtoto akanitazama.

Nikasimama. Nikasema hilo ni toleo lililofupishwa.

Ndiyo! Nikasema wachapishaji wamekata sura tisa kupunguza karatasi, ni uhuni mtupu, na nitawaandikia barua kali kuliko ile ya filamu. Mtoto akanitemea maji yote kwenye shati. Dorca akafunga kitabu, akasema sawa, Mwalimu. Akamwambia Akinyi waende nyumbani. Hakurudi kuchukua kiti chake.

Eti nilitunga! Mimi! Mtu anakuvunjia heshima mbele ya majirani halafu anajifanya anakusaidia. Daftari ninunuliwe mimi, nina vitabu elfu mbili!

Wengine walibaki. Kisha Seline, muuza nyanya, mwenye mimba ya miezi saba, akauliza, huku akitabasamu sijui kwa nini, kama kitabu cha saba, ambacho mwandishi bado hajakitoa, kina jina zuri la mvulana.

Nikasema cha saba nimekisoma. Nairobi, nyumbani kwa mtu.

Wakasogeza viti karibu. Mezani palikuwa na pakiti ya dawa ya mbu. Nikamwambia Seline kwamba yupo, kijana shujaa kabisa, anaitwa Vortano.